Kasoro nyingi huzaliwa kwenye mchoro, si mikononi mwa fundi

SERIKALI imerudia mara kadhaa kwamba milango na madirisha ya nyumba za bei nafuu yatengenezwe na mafundi wa jua kali wa humu nchini, badala ya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Uamuzi huo una mashiko. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa saini mnamo Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, naye mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Ikiwa mwananchi analazimika kuchanga, basi ni heri sehemu ya mchango wake iishie kwa seremala wa Gikomba, Likoni au Kibuye kuliko kuvuka bahari.

Hata hivyo, kila suala hili linapozuka, haupiti muda kabla ya mtu kuuliza: ubora je? Mlango wa fundi huyu, husemwa, hauingii katika fremu ya fundi yule. Mwingine hupinda kabla mwenye nyumba hajahamia. Wa tatu una bawaba upande usiofaa.

Nalo jibu tunalolisikia ni lile lile: wakaguzi waongezwe, mafundi wapewe mafunzo, na atakayeleta mlango mbovu anyimwe malipo.

Naona kwamba jibu hilo limekosea mahali pa kuanzia. Sehemu kubwa ya kasoro tunazomlaumu fundi kwazo huwa zimeamuliwa kitambo kabla hajashika msumeno. Huamuliwa na aliyechora.

Si kwamba ukaguzi hauna maana. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), lililoanzishwa mwaka wa 1974, lina kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya, na msomaji yeyote anayekumbuka visa vya mahindi yenye sumu ya aflatoxin hatataka lifunge milango yake.

Lakini mkaguzi hufika kazi ikiwa imekwisha. Mbao zimekatwa, gundi imekauka, kibarua amelipwa. Anapoukataa mlango, haondoi kasoro. Anachofanya ni kuamua hasara itue kwa nani, na mara nyingi hutua kwa mtu aliyekopa katika chama au kupitia simu ili anunue mbao hizo.

Kiwanda kikubwa kinaweza kumeza hasara ya milango 20. Seremala mwenye benchi moja na vijana wawili hawezi. Kwake yeye, milango 20 iliyokataliwa ni karakana iliyofungwa na karo isiyolipwa.

Kwa hivyo swali la kasoro hutokea wapi si la wahandisi pekee. Ni swali la nani anabeba mzigo wa kosa la nani.

Wajapani walilikabili swali hili zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mnamo 1961, mhandisi Shigeo Shingo alizuru kiwanda cha Yamada Electric kilichokuwa kikitengeneza swichi ndogo. Swichi hiyo ilikuwa na vitufe viwili, na chini ya kila kitufe palihitajika springi ndogo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kupindukia. Lakini mara kwa mara mfanyakazi alisahau springi moja, swichi ikafungwa, ikapelekwa kwa mteja, na mteja akalalamika. Kila malalamiko yalipofika, wasimamizi waliwakemea wafanyakazi na kuwataka wawe makini zaidi. Wafanyakazi waliahidi. Wiki chache baadaye springi ikasahaulika tena.

Shingo hakuongeza mkaguzi. Alipendekeza kisahani. Kabla ya kuanza kila swichi, mfanyakazi achukue springi mbili kutoka kwenye sanduku na kuziweka kisahanini, kisha aendelee na kazi. Akimaliza na bado kuna springi kisahanini, anajua papo hapo kwamba swichi iliyo mkononi mwake haijakamilika.

Kosa la kusahau halikuondoka duniani, maana binadamu ni binadamu. Lililoondoka ni uwezekano wa kosa hilo kupita bila kuonekana.

Kuna mkasa mwingine ambao Shingo mwenyewe aliusimulia, nao kwangu una uzito kuliko ule wa springi. Mwanzoni mbinu hizi ziliitwa kwa Kijapani baka-yoke, yaani njia ya kujikinga na wajinga. Mnamo 1963, katika kiwanda kimoja cha kuunda mabodi ya magari, mfanyakazi wa kike alipoelezwa jina hilo aliangua kilio. Aliuliza iwapo kwa kweli yeye alikuwa mjinga kiasi hicho.

Shingo alibadilisha jina. Tangu hapo mbinu hizo zikaitwa poka-yoke, njia ya kujikinga na makosa yasiyokusudiwa. Neno moja lilihamisha lawama kutoka kwa mtu hadi kwa kosa, na jina hilo ndilo linalotumika viwandani duniani kote hadi leo.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya viwanda tu. Katika gazeti moja nililofanyia kazi ujanani, kurasa zilipokuwa zikipangwa kwa kukata karatasi na kuzibandika, maelezo ya picha yalichapwa kwenye kipande chake na picha ikawa kwenye kipande chake. Usiku mmoja maelezo mawili yalibadilishana mahali. Mama aliyekuwa akizindua mradi wa maji akajikuta asubuhi akitajwa kama mshukiwa wa wizi wa mifugo.

Barua za onyo ziliandikwa. Mwenzetu mmoja alisimamishwa kazi kwa wiki mbili. Miezi mitatu baadaye kosa likarudi, safari hii mikononi mwa mtu aliyesifika kwa umakini.

Aliyelimaliza tatizo hilo hakuwa mhariri. Alikuwa kijana wa chumba cha picha, ambaye aliuliza kwa nini maelezo na picha yasitolewe kwenye karatasi moja, yakakatwa pamoja kwa mkasi mmoja. Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikikumbuka yule mwenzetu na zile wiki mbili zake bila mshahara, bado huona haya.

Turudi kwa jua kali. Wakenya hawana haja ya kwenda Japani kutafuta ushahidi, kwani ushahidi bora upo jikoni mwao.

Mnamo Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Wakati huo jiko la makaa lililotawala mijini lilikuwa lile la bati tupu, ambalo lilipoteza sehemu kubwa ya moto wake kupitia ukutani. Katika miaka iliyofuata, wataalamu wakiwemo Maxwell Kinyanjui, kwa ufadhili wa Shirika la Marekani la Maendeleo ya Kimataifa (USAID), walianza kuunda jiko lenye udongo ndani, wakichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand.

Kwenye karatasi, jambo lilikuwa rahisi: chukua bati, weka udongo ndani, moto usitoroke. Kwenye karakana halikuwa rahisi hata kidogo.

Mifano ya mapema iliyokuwa na udongo kutoka juu hadi chini ilikuwa mizito na ilitumia udongo mwingi. Udongo ulipasuka. Tena jiko lenye kitako chembamba liliyumba mpishi alipoanza kusonga ugali, na anayejua ugali wa watu kumi unavyosongwa ataelewa kwamba hilo halikuwa tatizo dogo.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wafinyanzi kwa udongo uliopasuka na wahunzi wa bati kwa majiko yaliyoyumba. Lakini tazama walichokuwa wakitakiwa kufanya. Udongo hunywea unapokauka na hunywea tena unapochomwa tanurini, na kiasi cha kunywea hutegemea ulikochimbwa, maji yaliyotiwa na moto ulivyokuwa. Hakuna mfinyanzi awezaye kuapa kwamba vyombo 100 alivyovifinyanga vitatoka tanurini vikiwa na upana ule ule.

Bati nalo lilikatwa kwa mkasi wa mkono na kukunjwa kwa nyundo. Isitoshe, mfinyanzi na mhunzi hawakuwa chini ya paa moja. Mmoja alikuwa na tanuri lake nje ya mji, mwingine yuko Shauri Moyo kwenye kelele za nyundo. Kazi zao zilikutana tu siku ya kuunganishwa.

Sasa mwombe mfinyanzi wa namna hiyo akupe mcheduara wa udongo uingie sawasawa ndani ya mcheduara wa bati. Ukizidi kidogo, hauingii. Ukipungua kidogo, unacheza ndani mpaka unavunjika. Mchoro wa aina hiyo unadai usahihi wa mashine kutoka kwa watu wasio na mashine, kisha unawaita wazembe wanaposhindwa.

Jiko lililofaulu, lile tunalolijua sote lenye kiuno chembamba katikati, lilichukua njia nyingine. Bati lake ni mithili ya ndoo mbili zilizokutanishwa vitako. Udongo upo nusu ya juu pekee, nao ni kikombe kilichopanuka kuelekea juu.

Umbo hilo la kupanuka ndilo siri, na nashangaa ni mara chache mno linavyotajwa. Kikombe kilichotoka tanurini kikiwa kikubwa kidogo hukaa juu kidogo. Kilichonywea zaidi huzama chini kidogo. Vyote viwili hukaa. Ile tofauti ambayo katika mcheduara ingekuwa kasoro, hapa haidhuru kitu.

Pengo linalobaki kati ya udongo na bati hujazwa kwa simiti iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi. Mchanganyiko huo huzuia moto kutoroka, hushika udongo mahali pake, na huziba tofauti za vipimo kati ya kazi ya mfinyanzi na ya mhunzi. Kitu kimoja, kazi tatu.

Chekeche ya kudondoshea majivu, ambayo katika jiko la zamani ilikuwa kipande cha bati kilichoungua na kuanguka, sasa ni matundu yaliyotobolewa katika kitako cha kikombe chenyewe. Kipande kilichoondolewa hakiwezi kusahauliwa, kulegea wala kupotea. Nacho kitako kipana cha bati kilimaliza kuyumba.

Matokeo yake yanajulikana. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majiko hayo zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini, na vipimo vilionyesha kwamba yanaweza kupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Umbo lake lilisambaa hadi Uganda, Tanzania, Rwanda na hata Ghana. Yote haya yalitengenezwa na mafundi wale wale, kwa nyundo zile zile, ambao leo tunaambiwa hawawezi kutoa kazi ya kiwango.

Tusijidanganye, yapo majiko mabovu sokoni. Udongo usiochomwa vya kutosha hupasuka hata ukiwa na umbo zuri namna gani, na mnunuzi hana njia ya kujua akiangalia tu. Mchoro hauwezi kumzuia mtu aliyekusudia kupunja kuni za tanuri. Unachoweza ni kumsaidia aliyekusudia kufanya kazi vyema asishindwe kwa sababu zisizo zake.

Fikra hii ilikuja kuwekewa utaratibu na wahandisi wa Magharibi. Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, waliofanya kazi katika vyuo vikuu nchini Marekani, waliwafundisha wasanifu kuuliza maswali matatu kuhusu kila kipande cha kifaa. Je, kipande hiki husogea kikilinganishwa na vingine? Je, ni lazima kiwe cha malighafi tofauti? Je, ni lazima kiwe peke yake ili kifaa kiweze kuunganishwa au kufunguliwa?

Kama jibu ni la kwa maswali yote matatu, kipande hicho hakina sababu ya kuwa peke yake. Kiunganishwe na jirani yake.

Kampuni ya IBM ilitumia fikra za namna hiyo katika printa yake ya Proprinter katikati ya miaka ya 1980. Printa ya mshindani wake ilichukua takriban nusu saa kuunganishwa. Ya IBM ilichukua dakika tatu hivi, kwa kuwa sehemu zake zilibanana zenyewe bila skrubu. Ilikuwa imesanifiwa ili iundwe na roboti, lakini ikadhihirika kwamba kitu kilicho rahisi kwa roboti ni rahisi pia kwa mikono ya binadamu.

Na sasa mlango.

Mbao hupumua. Hewa ikiwa na unyevu hutanuka, ikiwa kavu hunywea, na hufanya hivyo zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Mlango uliotengenezwa Nairobi wakati wa kiangazi ukipelekwa Mombasa kufungwa msimu wa mvua, utavimba. Hakuna uhodari wa randa utakaouzuia.

Maseremala wa kale walilijua hili. Ndiyo maana mlango wa jadi wa mbao una fremu nyembamba inayozunguka ubao wa kati, na ubao huo haupigwi gundi. Umeingizwa tu kwenye mfuo uliochimbwa ndani ya fremu, ukiachiwa nafasi ya kutanuka na kunywea bila kuusukuma mlango mzima. Fundi asiyejua sababu, au anayefuata mchoro usioeleza sababu, huutia gundi ubao huo ili kazi ionekane imara. Miezi sita baadaye umepasuka katikati, naye anaitwa mzembe.

Watu wa Pwani walikwenda mbali zaidi. Milango ya kale ya Lamu na Mombasa ina mabawa mawili, na katikati pana mfaa, ule mti uliochongwa unaosimama wima na kuziba mahali mabawa yanapokutana. Watalii huupiga picha kwa ajili ya nakshi zake. Lakini utazame kwa jicho la fundi: kwa kuwa mfaa unafunika pengo, mabawa hayahitaji kukutana sawasawa. Yanaweza kunywea wakati wa kaskazi na kuvimba wakati wa masika, na mlango ukaendelea kufunga na kupendeza.

Linganisha na agizo la kisasa la mlango. Mara nyingi halina zaidi ya urefu, upana, unene na aina ya mbao. Mwashi anaacha tundu ukutani kwa vipimo vyake, mwingine anatengeneza fremu, wa tatu mlango. Watu watatu wasiojuana wanatarajiwa kukubaliana kwa milimita mbili. Fundi wa kuufunga mlango huja na randa kwa sababu anajua kabisa kwamba haukubaliani. Tumeizoea randa hiyo kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ungamo la mchoro mbaya.

Mchoro mwema ungesema mlango uletwe ukiwa tayari umefungwa katika fremu yake, na fundi mmoja awajibikie vyote viwili. Tundu la ukutani liwe kubwa kuliko fremu kwa sentimita moja au mbili kila upande, na pengo lifunikwe kwa utepe wa mbao. Huo ndio mfaa kwa lugha ya leo. Kosa la mwashi litamezwa na pengo, badala ya kumgeuza seremala mdaiwa.

Mchoro huo ungeweka bawaba kwa umbali ule ule kutoka juu na kutoka chini, na kuufanya mlango uwe sawa pande zote, ili mlango ule ule uweze kufunguka kushoto au kulia kwa kugeuzwa tu. Agizo la milango 500 ya kushoto na 500 ya kulia ni mwaliko wa makosa. Agizo la milango 1,000 isiyo na kushoto wala kulia halina mahali pa kukosea.

Aidha, mchoro huo ungeandamana na kiolezo cha chuma chenye matundu ya kitasa na bawaba, ambacho fundi hukipachika kwenye mbao na kutoboa bila kupima. Ukingo wake mmoja ukiwa na meno, kiolezo hakiwezi kuwekwa kinyume. Kiolezo cha namna hiyo hutengenezeka katika karakana yoyote yenye mashine ya kuchomelea.

Wapo watakaosema kwamba ninawatwika wachoraji mzigo wote na kuwaondolea mafundi wajibu. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Mnamo 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kurudisha kiwandani simu za Galaxy Note 7 takriban milioni 2.5 baada ya baadhi kushika moto, na hatimaye ikaacha kabisa kuzitengeneza. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulipata makosa mawili tofauti. Betri za muuzaji wa kwanza zilibanwa pembeni kwa sababu ya usanifu usioacha nafasi. Za muuzaji wa pili, zilizoletwa kama mbadala, zilikuwa na kasoro za uchomeleaji.

Yaani mchoro ulikosea, na mkono nao ukakosea. Lakini angalia mpangilio. Lile kosa la pili lilizaliwa katika harakati za kuliponya la kwanza kwa pupa.

Kenya ina somo lake pia. Mnamo 1986 Rais Daniel arap Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kikenya, na mnamo 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani. Hayakufikia kamwe kuundwa kwa wingi. Fedha zilikosekana, hilo ni kweli. Lakini kuunda magari matano kwa mikono ya wahandisi bora ni kazi tofauti kabisa na kuunda elfu tano kwa mikono ya watu wa kawaida, na hiyo ya pili huanza siku ya kwanza ya kuchora au haianzi kabisa.

Hofu yangu ni kwamba tunarudia hayo katika milango. Tuna maonyesho, tuna picha za viongozi wakiwa wameshika randa, tuna mafundi wachache wanaosifiwa kwa kazi nzuri. Kinachokosekana ni mchoro ambao fundi wa wastani, mwenye mbao za wastani, siku ambayo mtoto wake ni mgonjwa na akili haijatulia, bado ataufuata na kutoa mlango unaofunga.

Mchoro huo hauwezi kuandikwa ofisini pekee. Jiko lilifaulu kwa kuwa wataalamu walikubali kurudi kwenye karakana na majikoni mara kadhaa, wakisikiliza wahunzi, wafinyanzi na akina mama waliopikia. Vivyo hivyo, wasanifu majengo wa Wizara ya Nyumba wanapaswa kukaa Gikomba wiki mbili kabla ya kuchora, wala si kuzuru baada ya zabuni kutolewa.

Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kodi inayokusanywa. Kabla ya agizo lingine kutangazwa, wachaguliwe maseremala kumi kutoka kaunti kumi, Mombasa yenye unyevu na Garissa kavu zikiwemo. Kila mmoja apewe mchoro, kiolezo na mbao, atengeneze milango mitatu bila mtu kumsimamia. Milango hiyo 30 ichanganywe, ipelekwe kwenye jengo lolote linalojengwa, na ifungwe na fundi ambaye hakuitengeneza na ambaye amenyang'anywa randa langoni.

Milango itakayokataa kuingia ihesabiwe. Kisha aitwe kwanza aliyechora, aulizwe kwa nini.